Michango Ambayo Haikusomwa

Kwa siku nyingi mfululizo mlezi wa hosteli yetu alikuwa akinipigia simu asubuhi, kabla sijanywa hata chai, na swali lake lilikuwa moja tu: "Mayu, yameonekana?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, na alikuwa anauliza majina ya ukoo wake. Na kila asubuhi nilimjibu kwa ukali kuliko jana yake, kwa sababu hayakuwa yameonekana, na mimi kazi ikinishinda nakuwa mkali kwa yeyote aliye karibu. Ndivyo nilivyoumbwa. Mama yangu kule Binza husema siku ya kubatizwa nilimfokea padri kabla hajanigusa na maji.

Shirika letu ni dogo, vyumba viwili vya kupanga hapa Bariadi mjini. Kazi yetu ni hosteli moja ya wasichana wa sekondari kule Ngulyati, wale ambao kwao ni mbali na shule na wazazi hawana namna. Mkurugenzi anatafuta wafadhili, mimi mhasibu natunza hesabu, na mlezi anaishi na watoto hosteli. Yule mama ni mjane. Ana shamba la pamba na mahindi, na ana maksai wawili wa kulimia aliowanunua kwa kudunduliza, mmoja kwanza na mwingine baada ya misimu kadhaa. Ukimwuliza habari za nyumbani, atakujibu kwanza habari za maksai.

Mwaka huo tulikuwa tunajenga bweni la pili. Kuta zilisimama, paa hakuna. Mkurugenzi akaja na wazo: tuitishe harambee, lakini wenzetu waliotawanyika Dar, Mwanza na hata Ulaya wasiachwe nje. Tukafunguliwa ukurasa wa michango kwenye mtandao. Mtu anaingia, anaandika jina lake, anatoa kwa kadi ya benki au kwa simu, na mfumo wenyewe unapeleka habari zake moja kwa moja kwenye programu yangu ya hesabu. Mimi kazi yangu ni kufungua na kusoma. Nilifurahi, jamani. Kwa mara ya kwanza nilidhani nitafanya harambee bila kuumwa kichwa.

Lazima nieleze jambo moja kwa msomaji asiyetoka huku. Kwetu mchango unasomwa. Iwe harusi, msiba au ujenzi wa kanisa, anasimama mtu mbele na kutaja fulani ametoa kiasi fulani, na watu wanapiga makofi hata kama ni elfu mbili. Na kila mtu hutoa kwa mkono wake. Mume ana lake, mke ana lake, bibi aliyeleta kuku anasomewa kuku wake. Ukichanganya mchango wa mtu ndani ya wa mwenzake, hata kama ni ndugu wa tumbo moja, umemkosea.

Siku ya harambee ukoo wa mlezi ulikuja mapema, ukakaa benchi la mbele. Yeye ndiye aliyewahamasisha, na karibu wote walikuwa wameshatoa kwa njia ya mtandao, wa huku na wa mbali. Kiongozi wao alikuwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mwanamke mwenye sauti ambayo haihitaji kipaza sauti. Alivaa kitenge kipya cha kushona. Alikuwa amekuja kusomwa.

Tukasoma. Orodha ilitoka kwenye programu yangu, mkurugenzi akasimama nayo. Majina yalikwenda, makofi yakapigwa, wanawake wakapiga vigelegele. Wa ukoo ule akasomwa mmoja tu, mdogo wake mlezi aliyeko Dar, mara moja, basi. Orodha ikaisha. Shangazi alikaa kidogo kana kwamba bado kuna karatasi nyingine. Kisha akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka, na benchi zima likamfuata. Pilau yao ilibaki kwenye sufuria.

Maneno hayakuchelewa. Kufikia jioni yalishafika sokoni: ukoo umetoa, pesa hazikusomwa, na mtu wao yuko humohumo ndani ya shirika. Sasa nani kala? Yule mama hakuwahi hata siku moja kugusa pesa za ofisi! Funguo zake ni za stoo ya unga na maharage. Lakini nenda kawaeleze watu habari za mifumo. Yule mdogo wake wa Dar aliacha kupokea simu zake. Shangazi akatuma ujumbe kwamba hataki kumwona kwake mpaka pesa za ukoo zirudi.

Nikaanza kutafuta. Nilifungua programu ya hesabu, nikapekua jina moja moja. Hakuna. Nikaangalia benki, lakini huko hakukuwa na la kuona, maana kampuni inayopokea michango hukaa na pesa na kutuletea kwa mkupuo mwisho wa mwezi. Nikasema labda mfumo umekatika katikati. Basi nikatoa mchango mimi mwenyewe, elfu tano yangu ya haki. Nikafungua programu, nikajikuta humo, jina langu kamili. Nikamwambia mkurugenzi naye atoe. Alinung'unika, akatoa, akaonekana. Kwa hiyo mfumo ni mzima, na hapo ndipo nilipoanza kuishiwa nguvu.

Mkurugenzi akasema kile ambacho wote wawili tulikuwa tunakiogopa. "Labda hao ndugu hawakutoa. Labda walisema tu."

"Basi mwambie wewe," nikamjibu, "mimi sina mdomo huo."

Alimwambia, kwa upole, kama anavyojua. Mlezi hakubishana. Alisikiliza, akashukuru, "wabeja," akarudi hosteli kupika uji wa watoto. Jioni akanipigia kuniomba ruhusa ya siku moja. Nilipomuuliza ya nini, akasema siku ya mnada atapeleka maksai wake. Pesa atakazopata atampa shangazi, amrudishie kila mtu chake.

Nilipiga kelele mpaka jirani yetu wa stationery akachungulia mlangoni. "Una wazimu? Mvua hizi hapa! Utalima na nini? Na hao watoto wako watakula nini mwakani?"

"Nitalima kwa jembe la mkono," akasema. "Mayu, siwezi kuzikwa na watu wanaoniita mwizi."

Kwetu mtu huzikwa na ukoo, na ukoo ukikukataa ukiwa hai, umekukataa mpaka kaburini. Usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba nitaacha kazi hii ya kompyuta, bora niuze nyanya. Akaniambia nyanya nazo zina hesabu.

Siku ya mnada nilifika ofisini na hasira tangu nyumbani. Nikaipigia simu ile kampuni ya michango, nikazungushwa huku na huku, nikasikilizishwa muziki, mpaka nikampata fundi mmoja, mwanamke, mwenye sauti ya kulala. Nikammwagia yote. Akanisikiliza halafu akaniuliza kama nimeshaangalia sehemu ya marudio.

"Marudio ya nini?"

Akaeleza. Mtandao ukisumbua, mtu hubonyeza kutoa, akaona kimya, akabonyeza tena na tena. Pesa zinakatwa kila mara, kisha mtu anakuja analia. Ndiyo maana mfumo wao, ndivyo ulivyotengenezwa, ukiona kadi moja imetoa kiasi kilekile tena na tena ndani ya muda mfupi, unachukua wa kwanza tu na kuupeleka kwenye hesabu. Mingine unaiweka kando na kusubiri ofisi iamue. Kuna ukurasa wake. Hatukuwahi kuambiwa, wala hatukuwahi kuufungua.

Nikaufungua akiwa hewani. Loo! Jina la yule mdogo wake mlezi lilishuka kutoka juu ya kioo mpaka chini, na nikisogeza linaendelea. Jina lilelile, kadi ileile, kiasi kilekile, jioni ileile.

Mkurugenzi alikuja nyuma ya kiti changu, akaanza kucheka. "Maskini kijana wa watu! Mtandao umemfanya mtoto. Kabonyeza mpaka kidole kikachoka."

Mimi pia nilicheka. Sioni aibu kulisema, yeyote angecheka. Fundi akasema kuna kitufe cha kurudisha, nibonyeze tu, zote zitarudi kwenye kadi yake. Nikaweka mkono tayari. Mkurugenzi akanizuia, akasema mtu akiona pesa nyingi zinaingia ghafla anaweza kudhani ni matapeli, bora nimpigie kwanza nimpe pole. Nikaona ni sawa. Hatukuwahi kumpigia kabla ya hapo, kwa nini tumpigie? Yeye mchango wake ulikuwa kwenye vitabu na ulisomwa.

Akapokea. Nikajitambulisha, nikampa pole ya mtandao, nikamwambia asiwe na wasiwasi, yote aliyokatwa kwa makosa tunamrudishia leo hii.

Akalipuka.

"Mnamrudishia nani? Dada, unanirudishia nini? Huyo wa pili ni shangazi yangu! Huyo wa tatu ni baba mdogo! Unataka kunirudishia pesa za shangazi?"

Nilisimama. "Taratibu. Rudia."

Hakurudia taratibu, alirudia kwa kufoka, lakini nilielewa. Katika ukoo wao mwenye kadi ya benki alikuwa yeye peke yake. Walikubaliana kiwango kimoja kwa kila mtu, ili asiwepo wa kujitapa juu ya mwenzake. Kila mtu akamtumia chake kwa simu, kutoka Ngulyati, kutoka Mwanza, hata shemeji yao anayenunua dagaa Lamadi. Yeye akakaa jioni moja akawatolea mmoja baada ya mwingine. Akimaliza wa shangazi, anaandika kwenye kundi la ukoo, ambalo dada yake mwenye simu ya kitochi hayumo, "Shangazi tayari." Anakwenda kwa baba mdogo. "Baba mdogo tayari."

"Na majina yao?" nikauliza. "Mbona hukuandika majina yao?"

"Ukurasa wenu uliniuliza jina mara ya kwanza tu. Baada ya hapo ulikuwa umeshanikariri mimi."

"Sasa kwa nini hukujumlisha ukatoa mara moja?"

"Kujumlisha?" Nilimsikia akivuta pumzi. "Dada, wewe ni wa huku kweli? Nimchanganye shangazi na shemeji? Aniue?"

Mimi ni wa huku kweli. Nilikaa chini nikashika kichwa. Ule mfumo, kwa alichokifanya yule bwana, usingeweza kuona ukoo mzima umepanga foleni nyuma ya kadi moja. Uliona mtu mmoja mwenye papara. Na sisi wawili, tuliolelewa kwa kusomewa michango tangu kanisani, tuliona vilevile. Siku hizi ukurasa wetu unauliza kila mara, mchango huu ni wa nani, hata ukitoa mara mia. Lakini asubuhi ile sikuwa na muda wa kuwaza maboresho.

"Dada yako anauza maksai leo," nikamwambia. "Saa hizi yuko mnadani. Anauza ili awalipe ninyi."

Alipojibu, sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Wale maksai?"

"Ana wengine?"

"Dada, mzuie. Tafadhali. Mzuie."

Nilimpigia mlezi, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, vilevile. Simu yake hukaa kiunoni ndani ya kitenge, na kwenye kelele za mnada hata radi asingeisikia. Nikamwachia mkurugenzi kompyuta, nikamwambia akithubutu kugusa kile kitufe cha kurudisha nitamkata mkono, nikatoka nikapanda bodaboda. Nilimwambia dereva akimbie, alipokimbia nikamfokea apunguze, alipopunguza nikamfokea akimbie. Mwisho akaniuliza kama nataka kuendesha mimi.

Mnada ulikuwa umejaa. Vumbi, ng'ombe, mbuzi, nguo za mitumba chini, watu wa nyama choma. Nilipita katikati nikiita "mama hosteli, mama hosteli," watu wakanionyesha kwa mikono. Nikamkuta amesimama na maksai wake, kamba zote mbili mkononi. Mnunuzi mmoja mwenye kofia alikuwa ameshika taya la mmoja, anatazama meno.

"Usiuze!" nikapiga kelele. "Weee! Acha mdomo wa ng'ombe wa watu!"

Mlezi aligeuka. Hakunisalimia. "Yameonekana?"

"Yameonekana. Yote. Pesa zipo, zilikuwa zimewekwa kando." Nikamweleza kwa haraka, mdogo wake, kadi moja, marudio. Nilitegemea aruke, anikumbatie, hata aanguke. Alinisikiliza mpaka mwisho, lakini kamba za maksai bado alikuwa amemnyooshea mnunuzi.

"Wewe umeyaona," akasema. "Nakushukuru, mayu. Lakini wao waliondoka pale mbele za watu. Ukiwaambia kwa simu watasema ofisi inamficha mtu wake. Hayajasomwa."

Nilitaka kumpiga, kweli kabisa. Halafu nikaona macho yake nikajua ana haki. Nilitazama huku na huku. Nusu ya Ngulyati ilikuwa pale. Na upande wa wauza chumvi ya ng'ombe nikamwona shangazi, amekaa juu ya gunia, ametugeuzia mgongo kwa makusudi. Alikuwa amekuja kupokea pesa zake.

Karibu yetu alikuwepo muuza dawa za mifugo mwenye spika kubwa na betri ya gari, anatangaza dawa ya minyoo na ya kupe. Nikamwendea, nikamwomba kipaza sauti kwa muda kidogo. Akaniangalia kuanzia viatu. "Mama, hapa ni biashara."

"Nipe dawa ya minyoo chupa moja."

"Una ng'ombe wangapi?"

"Sina hata kuku. Nipe dawa, nipe na kipaza sauti."

Alicheka, akanipa vyote viwili. Nikampigia mdogo wake mlezi, nikaweka simu sauti ya juu, nikaishika kwenye kipaza sauti. "Soma," nikamwambia. "Mnada mzima unakusikia. Soma mmoja mmoja kama ulivyotoa, na dada yako yuko hapa."

Spika ilikoroma, kisha ikatoka sauti ya mtu mzima inayotetemeka. Akasalimia, "Mwangaluka," na watu waliokuwa karibu wakaitikia wakitafuta anayeongea yuko wapi. Akasema yeye ni wa ukoo fulani, mtoto wa fulani, kwamba anasoma michango ya bweni la watoto ambayo siku ya harambee haikusomwa, na kwamba kosa si la mtu. Akaanza na shangazi. Majina yenyewe siyaandiki hapa, wenyewe wanajijua. Alilitaja jina la shangazi lote, na la baba yake, na kiasi.

Nani aliyeanza kupiga makofi sijui. Nadhani ni yule mnunuzi mwenye kofia. Wakafuata wauza mbuzi, halafu wanawake wa mitumba wakapiga vigelegele, maana vigelegele kwetu haviombwi mara mbili. Baba mdogo akasomwa, makofi. Shemeji wa Lamadi, makofi. Alisoma bila kuruka mtu, mpaka bibi mmoja wa ukoo ule ambaye kwa uzee wake hatoki nyumbani, na watu wakampigia kwa nguvu kuliko wote. Mlezi alikuwa ameinamisha kichwa kwenye shingo ya maksai, mabega yanatikisika. Mimi nililia waziwazi, kipaza sauti mkono mmoja na dawa ya minyoo mkono mwingine.

"Wa mwisho ni mimi," ile sauti ikasema, "na mimi nilishasomwa. Dada, nisamehe. Nilikufungia simu. Ng'ombe usiuze."

Simu ikakatika. Muuza dawa alichukua kipaza sauti chake taratibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na la kutangaza.

Shangazi alikuwa ameshasimama zamani, tangu jina lake lilipotajwa. Alikuja akipita katikati ya watu, bila haraka, na watu wakampisha. Alisimama mbele ya mlezi. Nilijiandaa, maana kama angeanza maneno, mimi nilikuwa na yangu ya kutosha. Hakusema na mlezi. Alizichukua zile kamba mkononi mwake, akamgeukia mnunuzi.

"Baba, hawa hawauzwi," akasema. "Wana kazi. Mvua ikinyesha wanaanza na shamba langu."

Watu wakacheka. Mlezi naye alicheka huku machozi yanamtoka, akanyoosha mkono apokee kamba zake waondoke. Shangazi akamkatalia. Alimshika bega, akamsogeza, akamweka mbele yake, mbele ya wale ng'ombe, pale ambapo kila aliyekuwa mnadani angemwona.

"Pita mbele, mwanangu," akamwambia kwa ile sauti yake. "Wakuone."

Mlezi akapita mbele. Shangazi akamfuata nyuma na kamba mbili mkononi, akiwavuta maksai katikati ya mnada mpaka barabarani, njia ya Ngulyati.